Ahadi ni Deni la Nani?

Februari mwaka huu nilipata kazi ya kusifu mambo ambayo hayajatokea.

Mteja wangu alikuwa wakala wa matangazo huko Marekani, na mteja wake yeye alikuwa ukumbi mmoja wa muziki wa klasiki. Walitaka maelezo ya matamasha 12 ya msimu ujao, kila moja maneno 70, yasizidi. Msimu wenyewe ungeanza Septemba na kuisha Mei ya mwaka unaofuata. Basi nikakaa chumbani kwangu Kisauni, tokeni za stima zimebaki yuniti tatu, nikawa namweleza mtu nisiyemjua kwamba Alhamisi fulani ya Machi, mwaka mzima kutoka sasa, ataguswa moyo na koncheto ya kwanza ya piano ya Brahms. Si "huenda ataguswa". Ataguswa. Watu wa matangazo hawapendi "huenda".

Koncheto yenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia. Niliisikiliza kwenye simu, waya za masikio zimekufa upande mmoja, kwa hiyo naweza kusema nilisikia nusu ya okestra. Nikaandika maneno 70. Wakayapenda.

Kwa asiyejua, biashara hii huenda hivi. Ukumbi hupanga matamasha ya mwaka mzima, kisha hutangaza orodha nzima miezi kadhaa kabla. Unaweza kungoja, ununue tiketi ya usiku mmoja unaoutaka. Au unaweza kununua mfululizo: matamasha sita, nane, kumi. Unalipa mapema, unapewa kiti, na kiti hicho ni chako mpaka msimu uishe. Ukilipa tena mwakani, unakaa palepale. Wapo watu waliokaa kiti kimoja miaka na miaka, hata jirani yao wa kulia wanamjua kwa kikohozi chake. Hiyo ndiyo tiketi ya msimu.

Nikiwa nasoma ili niandike vizuri, nikakutana na mtu anayeitwa Danny Newman. Alikuwa mtangazaji wa jumba la opera la Lyric huko Chicago, na mwaka 1977 alitoa kitabu, Subscribe Now!, ambacho wenye kumbi na majumba ya maigizo wengi walikishika kama msahafu. Newman hakuuza tiketi tu, alihubiri. Kwake yeye mwenye tiketi ya msimu ni mtu aliyekaribia utakatifu: analipa kabla ya kuonja, anakuja kusikia asichokijua, na mwakani anarudi. Mnunuzi wa tiketi mojamoja ni kigeugeu na mvivu. Anangoja aambiwe na wengine kipi kitamu, ndipo akurupuke.

Nilisoma nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu yule kigeugeu ni mimi.

Maisha yangu yote nanunua tiketi mojamoja. Tokeni za shilingi 50. Bando la saa moja. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari robo, dawa ya meno ya pakiti ile ndogo. Sisi tunauita uchumi wa kadogo, na kila mtu anajua kwamba kadogo ni ghali kuliko jumla. Si kwamba hesabu hatuijui. Tunaijua sana. Anayenunua gunia analipa kidogo kwa kila kilo, lakini kwanza awe na pesa ya gunia, awe na mahali pa kuliweka, na awe na imani kwamba mwezi ujao bado atakuwa anaishi kwenye nyumba ileile. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mwenye nyumba wangu ananipenda mpaka tarehe tano.

Kwa hiyo swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa na hasira kidogo. Huu uthabiti anaousifu Newman, ni tabia njema, au ni mshahara wa kila mwisho wa mwezi? Mtu anayeweza kusema leo atakuwa wapi Alhamisi fulani ya Machi mwakani, je, ana moyo mzuri kuliko mimi, au ana tu bima ya afya?

Angalia Vienna. Okestra ya Philharmonic ya mji ule ilianza matamasha yake ya tiketi za msimu mwaka 1860, na tangu 1870 nyumba yake ni ukumbi wa Musikverein, ule wa dhahabu ambao watu huuona kwenye runinga kila Mwaka Mpya. Kila msimu kuna programu kumi za tiketi hizo. Kuna tamasha la Jumamosi alasiri, kuna la Jumapili saa tano asubuhi. Ukitaka tiketi ya msimu ya wikendi, unajiandikisha na kungoja karibu miaka 13. Ya siku za kazi unangoja kama sita. Nina miaka 26. Nikijiandikisha leo, nitaitwa nikiwa na 39. Kuna watu duniani ambao wakiambiwa miaka 13 wanatoa kalamu na kuandika jina. Mimi nikiambiwa miaka 13 naona ukungu.

Ningeweza kuishia hapo, na wasomaji wangu wengi tungekubaliana: uaminifu ni anasa ya wenye nacho, kwaheri, tuonane wiki ijayo. Lakini nilikuwa najidanganya, na nilijua kwamba najidanganya. Nitafika hapo.

Kwanza nizungumzie taarab. Mimi nimekulia Likoni, na muziki wa kwanza kuusikia ukipigwa na watu, si redio, ulikuwa kwenye harusi. Pale hakuna tiketi. Mwimbaji anaimba, na mstari fulani ukimchoma mtu, mtu huyo anainuka. Anakwenda taratibu, kwa madaha, noti mkononi, anamtunza. Pengine mstari ule umempiga mke mwenzake kijembe, pengine umemkumbusha marehemu. Analipa kwa sababu ameguswa, hapohapo, na kila mtu anamwona analipa. Mstari usipogusa, mtu hainuki. Nilipokuwa naandika yale matangazo nilijiambia: huu ndio uungwana. Sisi tunalipa baada ya kuguswa. Wao wanalipa kabla, halafu wanakaa kitini wakingoja waguswe, na mtu kama mimi ameajiriwa kuwahakikishia kwamba wataguswa.

Lakini ebu tuulize swali la pili. Mwimbaji alifikaje pale? Nani alilipa gari lililobeba vinanda na vipaza sauti? Nani alilipa chakula cha kundi zima, watu 12 waliokuja tangu alasiri? Mwenye harusi alilipa, na alilipa kabla, bila kujua kama usiku ule sauti itatoka au haitatoka. Ile noti yangu ya madaha inasimama juu ya malipo ya mtu mwingine ambaye hakungoja kuguswa. Asingelipa yeye, mimi ningeinuka kwenda wapi?

Na tiketi za msimu za zamani zilifanya kazi hivihivi. Machi 11, 1743, mjini Leipzig, Ujerumani, watu 16 wa mji ule, wakiwemo wafanyabiashara, waliamua kulipia wanamuziki 16 wapige mara kwa mara. Walianzia majumbani, wakahamia kwenye nyumba moja ya wageni, na mwaka 1781 wakapata ukumbi ndani ya jengo la wauza vitambaa. Ndiyo maana okestra yao inaitwa Gewandhaus mpaka leo, yaani nyumba ya vitambaa. Ukiondoa mawigi, hicho ni chama. Watu 16, kila mtu na mchango wake, daftari, na makubaliano kwamba kitu ambacho hakuna mmoja wao angekiweza peke yake kitakuwepo kwa sababu wameamua kiwepo. Wangengoja kwanza kuguswa, wasingeguswa kamwe, maana okestra yenyewe isingekuwepo.

Kuna habari nyingine ninayoipenda zaidi, ya Mozart. Mwaka 1784 alikuwa Vienna, anajitegemea, hana mwajiri. Kwa lugha ya leo, alikuwa kama mimi, ila na kipaji. Machi ile alipanga matamasha matatu ya Jumatano, akapitisha orodha, watu wajiandikishe na kulipia yote matatu kwa pamoja. Walijiandikisha watu zaidi ya 170. Alifurahi mpaka akamtumia baba yake orodha nzima ya majina.

Miaka mitano baadaye, 1789, alijaribu tena. Akapitisha orodha wiki mbili. Ikarudi na jina moja. Moja. La Gottfried van Swieten, bwana mmoja mkubwa wa serikali aliyependa muziki. Haya tunayajua kwa sababu Mozart mwenyewe aliyaandika kwenye barua kwa rafiki yake mfanyabiashara, Puchberg, akimwomba mkopo.

Jiulize nini kilikuwa kimebadilika. Si kwamba alikuwa amepungukiwa. Kati ya orodha ile ya kwanza na hii ya pili alikuwa ameandika opera ya Don Giovanni na zile simfonia zake tatu za mwisho. Alikuwa bora kuliko alivyokuwa. Ila nchi ilikuwa vitani na Waturuki, pesa zilikaza, wakubwa wengi walikuwa wameondoka mjini au wamefunga mikoba. Newman angewaita vigeugeu. Mimi nadhani walikuwa watu walioanza kununua kadogo.

Niliisoma habari hii usiku, na sikuweza kuendelea na kazi. Nilidhani namhurumia Mozart kwa jina lake moja. Nikaja kugundua kwamba kilichonishika ni ile orodha ya kwanza, ile ya watu 170. Kwa sababu mimi niliwahi kuwa na orodha kama ile.

Agosti 2018, nyuma ya nyumba ya babu Likoni, kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, na mchango wa kunipeleka chuo kikuu. Nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuitwa kusomea hesabu za bima, na hata waliokuwa hawajui hizo ni hesabu gani walijua kwamba ni kubwa. Mzee mmoja, mweka hazina wa kila kitu pale mtaani, alikaa kwenye meza na daftari la kurasa 96. Kila aliyetoa aliandikwa. Asiyekuwa na pesa siku ile aliandika ahadi. Majina 61. Fundi wa baiskeli, shilingi 300. Mama muuza mahamri, ahadi ya 1,000. Jirani tuliyekuwa tumegombana naye kuhusu maji machafu, 500, na alizitaja kwa sauti ili tusikie. Hakuna aliyejua nitakuwa mwanafunzi wa aina gani. Walilipa kabla. Walininunulia, na wakajinunulia, msimu wa miaka minne.

Nilipiga nusu ya programu.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona. Nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika mitandaoni ili nipate bando. Wengi wetu tulikuwa tunawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, wao wapate alama, sisi tupate dola. Si kazi ya kujivunia, na niliijua hivyo hata wakati ule. Lakini niligundua kwamba naweza kukaa na sentensi saa nne nisichoke, na kwamba hesabu za bima nilikuwa nazibeba kama mzigo wa mtu mwingine. Vyuo vilipofunguliwa, nilirudi muhula mmoja. Kisha sikurudi. Sikufukuzwa. Ada ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini kama ningetaka ningepambana. Nilichagua. Miaka minne sasa nimekuwa nikisema "mambo ya ada", kwa sababu watu husikia ada wakakuonea huruma, na huruma haiulizi maswali.

Wahenga wamesema ahadi ni deni. Sawa. Lakini ni deni la nani, na anadai nani? Mama muuza mahamri aliahidi pesa. Mimi sikuahidi kitu. Hakuna aliyenisainisha. Nilikaa tu pale kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe limenibana shingo, nikipigiwa makofi. Na hata hivyo kila mtu pale, pamoja nami, alijua kwamba naahidi. Mtu anayekubali orodha inayopitishwa kwa jina lake ameahidi, hata akikaa kimya.

Basi tangu 2021 nikawa mkwepaji. Nikienda kumwona mama navuka feri usiku. Mchana kivukoni huwezi kujificha, mtaa mzima uko pale. Mzee wa daftari nilimwona mara moja kwa mbali sokoni Kongowea nikajifanya nachagua nyanya mpaka akapita. Nilichagua nyanya nyingi sana siku ile.

Nilikuwa na utetezi wangu. Niliujenga vizuri, kwa lugha safi, maana ndiyo kazi yangu. Utetezi wenyewe ulisema: mchango ni sadaka. Aliyetoa ametoa. Hakununua digrii, aliniombea heri. Pesa zilitumika kwa lililokusudiwa, ada ya mwaka wa kwanza na wa pili, risiti zipo. Kilichofuata ni maisha yangu. Mtu hawezi kukaa chuoni miaka miwili zaidi, akisoma asichokipenda, ili awalipe watu 61 furaha yao.

Bado naamini sehemu kubwa ya utetezi huo. Kilichouvunja hakikuwa hoja. Kilikuwa jambo dogo la kiofisi nililolikuta nikisoma kuhusu kumbi za muziki.

Mwaka 2020, wakati mimi natoka chuoni na begi langu, kumbi za muziki dunia nzima zilifungwa pia. Watu walikuwa wamelipia matamasha ambayo hayatakuwepo. Kumbi nyingi za Marekani ziliwaandikia wenye tiketi za msimu na kuwapa njia tatu. Ya kwanza: turudishie pesa zako. Ya pili: tuziweke, zihesabiwe msimu ujao. Ya tatu: ziache hapa ziwe mchango, wanamuziki wapate kula. Wapo waliochukua pesa zao, na walikuwa na haki. Wapo walioziacha.

Tazama vizuri barua hiyo inafanya nini. Ukumbi haukuamua wenyewe kwamba pesa zile ni sadaka. Wala haukuamua kwamba ni deni. Uliuliza. Ulisema: tulichokuahidi hatukukitoa, na wewe ndiye utakayesema pesa yako ilikuwa nini.

Mimi nilikuwa nimewaamulia watu 61. Niliita fedha zao sadaka, kwa niaba yao, bila kuwauliza, kwa sababu sadaka ndiyo jina lililonipa usingizi. Na kama ningeziita deni nikaanza kuzilipa kimyakimya, ningekuwa vilevile nimewaamulia. Pengine yule jirani hakunikopesha. Pengine alitaka tu pawe na kitu kizuri ndani yake baada ya ule ugomvi, na kumrudishia 500 zake kungekuwa kumtukana. Kama pesa ile ilikuwa zawadi au mkopo, aliyetoa ndiye ajuaye. Kazi yangu ilikuwa kwenda mbele yake na kusema, sikumaliza, nilichagua kutomaliza, ilikuwa nini kwako? Hilo ndilo nililolikimbia. Pesa ni kisingizio.

Hapo nikamwelewa Newman kwa namna ambayo sidhani alinikusudia. Nilidhani anasifu watu wanaolipa. Lakini rudi Leipzig, Januari 27, 1859. Brahms, miaka 25, anapiga mwenyewe ile koncheto yangu ya maneno 70, mbele ya watu wa Gewandhaus. Wakamzomea. Watu waliolipa mapema, wenye viti vyao, walimzomea waziwazi. Hawakuwa watakatifu wowote. Lakini ukumbi haukufungwa na Brahms hakuhama dunia. Januari 1, 1879, katika ukumbi uleule, koncheto yake ya fidla ilipigwa kwa mara ya kwanza kabisa, yeye mwenyewe akiongoza okestra. Miaka 20 baadaye alirudi pale walipomzomea, na pale walipomzomea walimfungulia mlango.

Tangazo langu lilikuwa limeahidi kwamba mtu ataguswa. Tiketi ya msimu haiahidi hivyo. Ukinunua usiku kumi, umenunua pia usiku wa kusinzia, usiku wa kuzomea, usiku wa mpiga fidla mwenye mafua. Unachoahidi ni kwamba hata baada ya usiku mbaya mtaonana. Na aliye jukwaani naye anaahidi hilohilo: nikiharibu, sitatorokea mlango wa nyuma. Mimi ndio mlango niliotumia.

Na hili halihitaji mshahara. Ile hasira yangu ya mwanzo, ya kadogo na gunia, ina ukweli wake. Miaka 13 ya Vienna kweli ni ya wenye nacho. Lakini wale 61 wa Likoni hawakuwa na gunia. Fundi wa baiskeli ananunua sukari robo kama mimi. Alitoa 300 kwa ajili ya miaka minne ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya umaskini, kwa sababu walioniamini walikuwa maskini kunishinda.

Machi nilivuka feri saa nne asubuhi, jua kali, watu wote wananiona. Nilianza na mzee wa daftari. Daftari lipo, panya wamekula pembe moja. Hakunilaumu, na kusema kweli nilitaka anilaumu. Aliniambia tu, "Nakili majina. Lakini watatu wametangulia mbele ya haki." Sikuwa nimelifikiria hilo. Kuna watu watatu ambao sitawauliza kamwe. Wapo watoto wao, lakini swali lilikuwa la wao.

Fundi wa baiskeli nilimkuta chini ya mwembe wake. Nilimweleza. Alisikiliza, mikono yake ikiendelea na mnyororo. Akauliza, "Kwa hiyo ukiniuliza nataka zirudi, nikisema ndiyo utanipa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nipe." Nikamtumia 300 palepale. Simu yake ikalia, akaisoma, akasema, "Imeingia." Akarudi kwenye mnyororo. Niliumia, sitaficha. Lakini niliondoka pale nikiwa nimenyooka kuliko nilivyokuja. Alikuwa na haki ya njia ya kwanza, akaitumia.

Mama muuza mahamri ndiye niliyemwogopa zaidi, maana alinilea kwa mahamri ya bure. Nilipomsalimia, "Shikamoo mama," aliitika "Marahaba mwanangu" akiangalia karai, hakuniangalia usoni. Nikaona, haya, amekasirika. Nikaanza hotuba yangu. Nikamweleza kuhusu chuo, kuhusu uandishi, kuhusu kumbi za Wazungu na barua zao za njia tatu. Nilikuwa nimefika katikati aliponikatiza.

"Kwani wewe hujui?"

"Sijui nini, mama?"

"Ile elfu sikuimaliza. Nilitoa mia nne. Mwaka ule unga ulipanda, halafu baba yao akaugua. Kila nikimwona mamako nageuza njia. Nikisikia umekuja, nafunga biashara mapema."

Nilihesabu miaka. Miaka yote ile nilikuwa navuka usiku ili asinione, na yeye anafunga mapema ili nisimwone.

Tulicheka, lakini si sana. Kisha akafikiri, akageuza mahamri mawili, akasema yule mjukuu wake yuko kidato cha tatu. "Zile mia nne usinirudishie. Na ile mia sita yangu usinisamehe, bado naidaiwa. Ziandike zote elfu, kwa jina la huyu mtoto. Akiitwa chuo, wewe utoe zako mia nne, na mimi nitoe zangu mia sita."

"Na asipomaliza?" nikamuuliza.

"Basi atakuja hapa aniambie. Wewe si umekuja?"

Nimewafikia 19 mpaka sasa. Wanne wamechukua pesa zao, mmoja akitaka na za miaka iliyopita, kama riba, tukabishana. Yule jirani wa maji machafu aliniambia nimtoe hapo na upuuzi wangu, alitoa kwa Mungu. Wengine hawakumbuki hata kama walitoa, na hao wananitisha kuliko wote, kwa sababu niliogopa miaka minne kitu ambacho kwao hakikuwepo.

Ile kazi ya matamasha 12 niliimaliza na nikalipwa. Katika tangazo la Brahms nilijaribu kubadilisha sentensi moja kabla ya kuituma mara ya mwisho. Nilitaka isomeke kwamba watu wa kwanza kuisikia Leipzig waliizomea, na kwamba msikilizaji atakuwa huru kufanya apendavyo, ila mwezi unaofuata kiti chake kitakuwa bado kinamngoja. Wakala aliifuta. Alisema inaogofya wateja. Pengine ni kweli, yeye ndiye ajuaye soko lake.

Daftari nimenunua langu, la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una jina la mtoto wa kidato cha tatu, na chini yake mistari miwili: 400, jina langu, 600, jina la mama wa mahamri. Kesho navuka tena.